Falsafa ya Wagiriki wa Kale: Nani Ajue, na Nani Aishi Vema?

Utangulizi

Mara nyingi katika madarasa ya siasa huulizwa: kuna faida gani kwa kada kusoma mawazo ya watu waliokufa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, tena watu wa nchi ya mbali? Swali hili ni la haki na linastahili kujibiwa. Falsafa si mali ya mabingwa wa vyuo vikuu peke yao. Kila mtu anayeamua lipi ni kweli na lipi ni uongo, na kila mtu anayeamua namna ya kuishi na wenzake, anatumia falsafa fulani, ajue asijue. Asiyejua anatumia falsafa gani yumo katika hatari ya kutumia falsafa ya bwana wake.

Isitoshe, mawazo hayo hayako mbali nasi kama tunavyodhani. Tuchukue maneno mawili tunayoyatumia kila siku. La kwanza ni neno lenyewe "falsafa". Wagiriki walisema philosophia, yaani kupenda hekima. Waarabu walipotafsiri vitabu vya Wagiriki, hasa mjini Baghdad kati ya karne ya 8 na ya 10, walilichukua neno hilo wakalitamka falsafa, na Kiswahili kikalipokea kutoka Kiarabu. Neno la pili ni "shule". Hili tulilipata kwa Wajerumani wakati wa utawala wao wa kikoloni. Wajerumani walilipata katika Kilatini, na Kilatini kililipata kwa Wagiriki, ambao walisema skhole. Lakini kwa Wagiriki neno hilo halikuwa na maana ya jengo wala darasa. Maana yake ya asili ilikuwa nafasi, yaani wakati wa mtu asiyebanwa na kazi.

Kwa hiyo tangu asili yake neno "shule" lina swali ndani yake. Nafasi hiyo ya kukaa na kufikiri ilitoka wapi? Anayefikiri hana budi kula, kuvaa na kulala mahali. Katika makala hii tutaeleza mawazo ya msingi ya Wagiriki wa kale juu ya mambo mawili: kujua ni nini, na kuishi vema ni kuishi vipi. Lakini kila mara tutauliza na jambo la tatu, ambalo wanafalsafa hao wengi hawakulipa uzito wake: ni nani aliyekuwa akifanya kazi wakati wao wakifikiri?

Jamii iliyoizaa falsafa hiyo

Mawazo hayadondoki kutoka mbinguni, na kwa sababu hiyo yatupasa tuanze na hali ya maisha. Wagiriki wa kale hawakuwa na dola moja. Waliishi katika miji mingi iliyojitawala, Ugiriki yenyewe, visiwani, kusini mwa Italia na katika pwani ya nchi ambayo leo ni Uturuki. Walikuwa wakulima, mabaharia na wafanyabiashara. Walichukua herufi za Wafoinike wakaziongezea irabu, wakapata maandishi ambayo mtu wa kawaida aliweza kujifunza. Sarafu, zilizoanza kutumika Lydia katika karne ya 7 kabla ya Kristo (K.K.), zilienea upesi katika masoko yao. Mambo hayo yalipunguza nguvu za makabaila waliotawala kwa kisingizio cha ukoo na miungu, na yakawakutanisha watu wenye mila na dini mbalimbali.

Mjini Athens mapambano ya matabaka yalikuwa makali. Wakulima maskini walikuwa wakikopa kwa wenye ardhi, na aliyeshindwa kulipa aliweza kuuzwa yeye mwenyewe pamoja na watoto wake. Mwaka 594 K.K. Solon alipewa madaraka ya kutatua ugomvi huo. Alifuta madeni hayo na kupiga marufuku mtu kuweka mwili wake rehani. Mwaka 508 K.K. Cleisthenes alifanya mageuzi yaliyoweka misingi ya demokrasia. Raia wote waliweza kuhudhuria mkutano mkuu na kupiga kura, maofisa wengi walichaguliwa kwa bahati nasibu, na wakati wa Pericles wazee wa baraza la mahakama walianza kulipwa posho ili hata maskini aweze kuacha kazi yake kwa siku moja na kukaa barazani. Hiyo ilikuwa hatua kubwa katika historia ya binadamu, na si haki kuidharau.

Lakini demokrasia hiyo ilikuwa na mipaka. Wanawake hawakupiga kura. Wageni wakaazi hawakupiga kura hata kama walizaliwa hapo. Na chini kabisa walikuwapo watumwa, wengi wao watu wa mataifa mengine waliotekwa vitani au kununuliwa sokoni. Karibu na Athens, mahali paitwapo Laurion, palikuwa na migodi ya fedha, na waliochimba humo chini ya ardhi walikuwa watumwa. Mwandishi Xenophon anasimulia kwamba tajiri Nicias alikuwa na watumwa 1,000 aliowakodisha migodini, na kila mmoja alimwingizia obol moja kwa siku, ambayo ni sarafu ndogo ya fedha. Mwaka 413 K.K., wakati wa vita kati ya Athens na Sparta, majeshi ya Sparta yalipopiga kambi karibu na mji, watumwa zaidi ya 20,000 walitoroka, na mwanahistoria Thucydides anasema wengi wao walikuwa mafundi. Walikimbia mara tu nafasi ilipopatikana. Kitendo hicho kinatuambia walivyoyaona maisha ya Athens, ingawa hapana kitabu chochote walichotuachia.

Hatua ya kwanza: kutafuta sababu

Falsafa ya Wagiriki haikuanzia Athens. Ilianzia Miletus, mji wa biashara katika pwani ya Uturuki ya leo, katika karne ya 6 K.K. Kabla ya hapo, radi ilipopiga au bahari ilipochafuka, watu waliambiwa kwamba mungu fulani amekasirika. Thales wa Miletus alisema kwamba asili ya vitu vyote ni maji. Anaximander akakataa, akasema asili haiwezi kuwa maji wala kitu kimoja tunachokijua, bali ni kitu kisicho na mpaka. Anaximenes akasema ni hewa, ambayo ikijikaza huwa wingu, maji na mawe, na ikilegea huwa moto.

Majibu hayo yote hayakuwa sahihi kisayansi, lakini hilo si jambo la msingi. Jambo la msingi ni namna yalivyotolewa. Kwanza, yalieleza dunia kwa vitu vilivyomo duniani. Pili, aliyekuja baadaye aliweza kumpinga aliyemtangulia kwa hoja bila kuhesabiwa amekufuru. Fikra iliyo tayari kupingwa kwa hoja ndiyo mwanzo wa sayansi.

Xenophanes aliendelea zaidi. Aliona kwamba kila taifa huwachora miungu wake kwa sura ya watu wake, akasema hata ng'ombe na farasi, kama wangekuwa na mikono ya kuchorea, wangechora miungu yenye sura ya ng'ombe na farasi. Heraclitus wa Ephesus alifundisha kwamba vitu vyote vimo katika mwendo na mabadiliko, na kwamba mabadiliko hayo hutokana na mvutano wa vitu vinavyopingana. Kinyume chake, Parmenides wa Elea alisema kwamba kilichopo kweli hakibadiliki, na kwamba mabadiliko tunayoyaona kwa macho ni udanganyifu. Democritus wa Abdera akatafuta njia ya kuyakubali yote mawili: dunia ni chembe ndogo zisizogawanyika, zilizoitwa atomu, zinazotembea katika uwazi. Chembe zenyewe hazibadiliki, lakini kukutana na kuachana kwao ndiko kunakoleta mabadiliko yote.

Hapa tayari tunaziona njia mbili kubwa za falsafa. Njia ya uyakinifu husema kwamba maada ndiyo ya kwanza, na fikra hutokana nayo. Njia ya udhanifu husema kwamba fikra au roho ndiyo ya kwanza, na vitu tunavyovishika ni kivuli chake tu. Msomaji azishike njia hizi mbili akilini, maana tutazikuta tena. Tunaweza kukumbusha pia kwamba Karl Marx alipoandika tasnifu yake ya udaktari mwaka 1841, somo alilolichagua lilikuwa tofauti kati ya mafundisho ya Democritus na ya Epicurus juu ya maumbile.

Socrates: kulichunguza tunalodhani tunalijua

Socrates alizaliwa Athens kiasi cha mwaka 469 K.K. Baba yake alikuwa mchonga mawe na mama yake alikuwa mkunga. Hakuandika kitabu chochote. Tunamjua kwa maandishi ya wengine, hasa ya mwanafunzi wake Plato. Wakati wake walikuwapo walimu walioitwa Wasofisti, waliotembea mji hata mji wakiwafundisha vijana wa matajiri ufundi wa kusema barazani, kwa malipo. Wengi wao walisema kwamba ukweli ni jinsi kila mtu anavyoona. Socrates hakukubali. Aliona kwamba yapo majibu bora na majibu mabovu, na kwamba njia ya kuyatofautisha ni kuuliza.

Alimwuliza jemadari: ushujaa ni nini? Alimwuliza mcha Mungu: ucha Mungu ni nini? Kila mara mwenye kujibu alitoa mfano, kisha Socrates akamwonyesha kwamba mfano wake unapingana na jambo jingine analoliamini. Mwishowe ikadhihirika kwamba mtu huyo alikuwa akitumia neno kubwa asilolielewa. Kwa Socrates jambo hili halikuwa mchezo wa maneno. Aliamini kwamba mtu hafanyi ubaya akijua kwa hakika kwamba ni ubaya; hufanya kwa sababu ya ujinga. Kwa hiyo kujua wema ni nini na kuishi vema vilikuwa kwake kitu kimoja, na mtu asiyeyachunguza maisha yake hawezi kuishi kama binadamu anavyostahili.

Katika maelezo ya kesi yake liko jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Socrates anasema aliwaendea watu wenye sifa ya kujua, ili awapime. Aliwaendea wanasiasa, akaona hawajui. Aliwaendea washairi, akaona hata mashairi yao wenyewe hawawezi kuyaeleza. Kisha akawaendea mafundi wa kazi za mikono, na hapo akakiri kwamba hao walikuwa wakijua kweli mambo mengi asiyoyajua yeye. Kasoro yao ilikuwa kudhani kwamba kwa kuujua ufundi wao wameyajua na mambo mengine yote. Lakini ushahidi umekwisha kutolewa: katika uchunguzi wake wote, elimu ya hakika aliikuta kwa watu waliokuwa wakitengeneza vitu.

Mwaka 399 K.K. Socrates alishtakiwa kwamba haiheshimu miungu ya mji na kwamba anawaharibu vijana. Mmoja wa washtaki wake alikuwa Anytus, tajiri wa biashara ya ngozi na kiongozi katika demokrasia. Tusiitazame kesi hii kwa jicho moja. Miaka mitano kabla yake, mwaka 404 K.K., kundi la makabaila 30 lilikuwa limeipindua demokrasia na kuua watu wengi, na Critias, mmoja wa viongozi wa kundi hilo, alikuwa amewahi kuwa mfuasi wa Socrates. Wananchi walikuwa na sababu ya kuwa na hofu. Lakini ni kweli pia kwamba makabaila hao walipomwamuru Socrates pamoja na wengine wanne wakamkamate Leon wa Salamis ili auawe, Socrates alikwenda zake nyumbani, akihatarisha maisha yake. Mtu aliyekataa kuwatii madhalimu akauawa na wananchi wenyewe, kwa tofauti ndogo ya kura. Yeye mwenyewe alisema kura 30 tu zingetosha kubadilisha hukumu. Alipewa kikombe cha sumu akanywa. Hofu ya haki inaweza kuzaa uamuzi usio wa haki, na chombo cha wananchi kikiacha kupima hoja kikaanza kutafuta wa kulaumiwa, kinajidhoofisha chenyewe.

Mtumwa wa Meno

Sasa tufike kwenye kisa ambacho kwa maoni yetu kinabeba kiini cha somo hili. Katika kitabu cha Plato kiitwacho Meno, kijana tajiri kutoka Thessaly amefika Athens na msafara wa watumishi. Yeye na Socrates wanabishana kama elimu inaweza kutafutwa. Socrates anaomba aitwe mmoja wa watumishi hao. Anaitwa kijana mtumwa. Socrates anauliza swali moja tu juu yake: je, anajua Kigiriki? Meno anajibu kwamba ndiyo, amezaliwa nyumbani mwake.

Socrates anachora mraba wenye upande wa futi 2, yaani eneo la futi za mraba 4. Anamwuliza kijana: mraba wenye eneo maradufu, yaani 8, utakuwa na upande wa urefu gani? Kijana anajibu kwa haraka: upande maradufu, yaani 4. Wanachora, wanahesabu, wanapata 16. Kijana anafikiri tena, anasema 3. Wanahesabu, wanapata 9. Sasa kijana anakiri kwamba hajui. Socrates anamgeukia Meno na kumwambia kwamba kijana amepiga hatua, maana mwanzoni alidhani anajua na sasa ameona kwamba hajui, naye yuko tayari kutafuta. Kisha kwa maswali zaidi wanachora mstari wa mshazari kutoka pembe hadi pembe, na kijana anaona mwenyewe kwamba mraba uliojengwa juu ya mstari huo una eneo la 8 barabara.

Plato alitumia kisa hiki kuthibitisha nadharia yake kwamba roho ilijua mambo yote kabla ya kuzaliwa, na kwamba kujifunza ni kukumbuka. Huo ni udhanifu. Lakini tukitazama yaliyotendeka pale mchangani, tunaona jambo jingine. Kijana alijifunza kwa kuchora, kwa kuhesabu, kwa kujaribu jibu na kuliona linashindwa mbele ya macho yake. Hakuhitaji maisha mengine kabla ya haya. Alihitaji mchoro, maswali mazuri na muda mfupi wa kuachiwa kazi.

Zaidi ya hayo, kisa hiki kinathibitisha kwamba akili ya mtumwa ni sawa na akili ya bwana wake. Na baada ya hapo? Mazungumzo ya mabwana yanaendelea, na kijana hatajwi tena. Hata jina lake hatuambiwi. Hapana aliyeuliza: ikiwa kijana huyu anaweza kujua, kwa haki gani anaendelea kumilikiwa? Anytus, yule mshtaki wa baadaye, anaingia katika mazungumzo hayo hayo, na hata yeye, mtetezi wa demokrasia, haulizi. Akili kubwa za zama hizo zilikuwa na ushahidi mkononi, zikaupita. Hivyo ndivyo mfumo wa uzalishaji unavyoweza kuifunga fikra ya mtu hata aliye na kipaji.

Plato: elimu kuwa mali ya wachache

Plato, aliyezaliwa kiasi cha mwaka 427 K.K., alitoka katika ukoo wa makabaila. Baada ya kifo cha Socrates aliichukia demokrasia, na kiasi cha mwaka 387 K.K. akaanzisha chuo chake kiitwacho Akademia. Alifundisha kwamba vitu tunavyoviona hupita na kuharibika, kwa hiyo haviwezi kujulikana kwa hakika. Kinachojulikana ni maumbo ya milele yanayoshikwa kwa akili tu. Alitoa mfano wa watu waliofungwa pangoni wakitazama vivuli ukutani na kuvidhania kuwa ndivyo vitu halisi. Mmoja akifunguliwa na kutoka nje, mwanga humuumiza macho, lakini huona ukweli. Na inampasa arudi pangoni kwa wenzake, hata kama watamcheka.

Katika kitabu chake kikubwa juu ya jamhuri, Plato aliigawa jamii katika makundi matatu: watawala wanaojua, askari wanaolinda, na wazalishaji wanaolima na kutengeneza vitu. Haki, alisema, ni kila kundi kushika kazi yake bila kuingilia kazi ya jingine. Watawala na walinzi wasiwe na mali binafsi, wala dhahabu, wala nyumba za fahari. Alikubali pia kwamba wanawake wenye uwezo waweze kuwa watawala, wazo lililokuwa geni sana Athens.

Wako waliosema kwamba huu ulikuwa ujamaa wa kwanza. Hapana budi tuwe waangalifu. Msomaji anayeyakumbuka masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, yaliyodumu hadi yalipolegezwa mwaka 1991, anaweza kuona mfanano, kwa kuwa masharti hayo nayo yalimkataza kiongozi kujitajirisha. Lakini tofauti ni ya msingi. Azimio lilianza kwa kumtaka kiongozi awe mkulima au mfanyakazi. Plato alianza kwa kumtenga mkulima na mfanyakazi na uongozi. Usawa wake ulikuwa wa watawala wao kwa wao, na wale waliowalisha hawakuwa na sauti. Alishauri hata waambiwe hadithi ya uongo, kwamba mungu amechanganya dhahabu katika watu wa tabaka la juu, fedha katika walinzi, na shaba na chuma katika wazalishaji.

Hapa kada ajitazame. Kila chama kinachojiita kiongozi wa umma kimo katika hatari ya kujigeuza baraza la Plato: wachache wanaojiona wametoka pangoni, wanaoamini kwamba wananchi wanaona vivuli tu, na ambao hawarudi kwa wananchi kujifunza bali kuwaelekeza. Kutokuwa na mali peke yake hakumwepushi kiongozi na hatari hiyo. Kinachomwepusha ni kuulizwa na wale anaowaongoza, na kulazimika kujibu.

Aristotle: wema ni vitendo

Aristotle alizaliwa mwaka 384 K.K. huko Stagira, mtoto wa mganga. Alisoma katika Akademia miaka 20, akamfundisha Alexander wa Macedonia, na mwaka 335 K.K. akafungua chuo chake mjini Athens, kiitwacho Lyceum. Alichunguza samaki, nyuki na katiba za miji kwa bidii ile ile. Aliukataa udhanifu wa mwalimu wake katika jambo kubwa: umbo la kitu, alisema, limo ndani ya kitu chenyewe, haliko katika ulimwengu mwingine.

Juu ya elimu alitofautisha aina zake. Iko elimu ya nadharia, kama hesabu. Uko ufundi wa kutengeneza vitu. Na iko busara ya kutenda, yaani kujua lipi lifanyike hapa na sasa, ambayo kijana hodari wa hesabu anaweza kukosa kwa sababu huja kwa uzoefu. Juu ya maisha mema alisema kwamba lengo la binadamu ni eudaimonia, neno ambalo tunaweza kulieleza kuwa maisha yenye kustawi. Si raha ya muda wala si mali. Ni maisha ya kutenda kwa ubora, na ubora huo haupatikani kwa kusikiliza mihadhara. Mtu huwa mjenzi kwa kujenga. Vivyo hivyo huwa mwenye haki kwa kutenda haki, na shujaa kwa kutenda ushujaa. Ushujaa wenyewe husimama kati ya woga na ujuba, kama ukarimu unavyosimama kati ya ubahili na ubadhirifu. Tena mtu hawezi kustawi peke yake, maana binadamu kwa maumbile yake ni kiumbe wa kuishi katika jumuiya.

Haya ni mafundisho yenye thamani kubwa. Lakini Aristotle huyo huyo aliandika kwamba mtumwa ni chombo chenye uhai, na kwamba wako watu walio watumwa kwa maumbile. Alijua kwamba wako waliopinga, waliosema kwamba utumwa hautokani na maumbile bali na nguvu za mabavu. Anawataja mwenyewe, kisha anajaribu kuwajibu. Alisema pia kwamba kama vifaa vya kufumia vingefuma vyenyewe, mabwana wasingehitaji watumwa. Na katika mji wake bora mkulima na fundi hawakuwa raia, kwa sababu ubora unahitaji nafasi, na wao hawana nafasi. Hapo tunalikuta tena lile neno skhole. Kwanza mtu ananyimwa nafasi, kisha anaambiwa hafai kwa kuwa hana nafasi.

Kosa hilo liliathiri hata elimu yake ya uchumi. Aristotle aliona kwamba vitanda 5 vinapobadilishwa na nyumba 1, lazima kuwe na kitu fulani kinachovifanya vilingane. Alilitafuta jibu akasimama njiani. Marx, katika kitabu chake cha Mtaji cha mwaka 1867, alieleza sababu: kitu hicho ni kazi ya binadamu, na mtu anayeishi katika jamii ya utumwa hawezi kuiona kazi ya watu wote kuwa sawa. Aristotle hakukosa akili. Macho yake yalizibwa na jamii yake. Huu ni mfano mzuri wa jinsi unyonyaji unavyomdhuru mnyonge mwilini, na pia unavyomzuia mnyonyaji kuujua ukweli.

Epicurus na Wastoiki

Baada ya Alexander kufa mwaka 323 K.K., miji ya Wagiriki ilipoteza uhuru wake chini ya falme kubwa. Swali la maisha mema likabadilika. Watu hawakuuliza tena sana namna ya kuujenga mji mwema. Waliuliza namna ya mtu mmoja kupata utulivu katika dunia asiyoiongoza.

Epicurus alifuata uyakinifu wa Democritus. Alifundisha kwamba tusiogope miungu wala kifo, na kwamba raha ya kweli ni kutokuwa na maumivu mwilini na wasiwasi moyoni, jambo ambalo hutimizwa kwa chakula cha kawaida na marafiki wema. Katika bustani yake mjini Athens aliwapokea wanawake na watumwa kujifunza pamoja na wengine. Lakini aliwashauri wafuasi wake wakae mbali na siasa. Wastoiki, walioanzishwa na Zeno wa Citium kiasi cha mwaka 300 K.K., walifundisha kwamba akili ni ya watu wote, na kwamba mtu atofautishe yaliyo katika uwezo wake na yasiyo katika uwezo wake. Mmoja wa walimu wao mashuhuri baadaye, Epictetus, alikuwa amezaliwa mtumwa.

Hatimaye mtumwa akawa mwalimu. Hiyo ilikuwa hatua mbele. Lakini uhuru uliohubiriwa ulikuwa uhuru wa moyoni. Mtumwa aliambiwa kwamba anaweza kuwa huru ndani ingawa minyororo imebaki mguuni. Faraja hiyo ilimsaidia aliyeteseka, na sisi hatuna haki ya kumcheka. Hata hivyo ilimfaa pia mwenye mnyororo.

Tujifunze nini?

Kwa kifupi, tunapokea kutoka kwa Wagiriki wa kale mambo manne: kutafuta sababu za vitu ndani ya vitu vyenyewe, kuyachunguza maneno makubwa kabla ya kuyatumia, kuukubali ujinga wetu kama mwanzo wa kujifunza, na kuupata wema kwa kuutenda katika jumuiya. Tunachokikataa ni kuitenga elimu na kazi, na kuyafanya maisha mema ya wachache yategemee jasho la wengi.

Ugonjwa huo haukufa pamoja na Athens. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya kwamba shule tulizorithi zilimfanya mwanafunzi aamini kuwa elimu yote yenye maana imo vitabuni au kwa wasomi, na kuidharau elimu ya wazee wa kijiji chake. Socrates aliwakuta mafundi wakijua. Tunapaswa kwenda hatua moja zaidi na kuwapa mafundi, wakulima na wafanyakazi nafasi ya kuuliza na kuamua.

Kwa ajili ya majadiliano katika vikundi vya kujisomea, tunapendekeza maswali haya:

1. Ni neno gani kubwa tunalolitumia kila siku katika mikutano yetu ambalo tukiulizwa maana yake kama Socrates alivyouliza, tutashindwa kulieleza?

2. Katika eneo lako la kazi, ni nani wana elimu ya hakika ya jambo fulani lakini hawaulizwi linapoamuliwa?

3. Nafasi unayoipata wewe ya kusoma makala hii imepatikana kwa kazi ya nani, na mtu huyo anapata nafasi lini?